Sanduku Lisilo na Nyeupe

Kila Jumamosi mchana tulicheza karata za poka sebuleni kwa muuza mbao, na kwa kukosa zile sarafu za plastiki zinazosimamia pesa mezani tuliwekeana dau kwa vifungo vya nguo. Vifungo vilikuwa vya shemeji yake, fundi cherehani, kaka wa mkewe. Tangu afiwe na mke, fundi hakuwa na pa kwenda siku hiyo ila hapo. Sisi wengine tulikuja kucheza. Yeye alikuja kuwa na watu. Ilichosha kumtazama.

Muuza mbao akaamua kuagiza sarafu halisi za poka, sanduku la vipande mia tatu, mnunuzi ajichagulie rangi na idadi. Fundi alichangamka kuliko mwenye pesa. Akaeleza kwamba nyeupe, za shilingi mia mia, ziwe nusu ya sanduku, maana ndizo zinazozunguka mezani. Nyekundu za elfu zifuate, na nyeusi za elfu kumi zitatosha chache. Muuza mbao akaitikia, tena akamsifu mbele yetu. Nikamkanyaga jirani yangu mguu chini ya meza. Nani asiyejua kwamba fundi huja na elfu mbili tu?

Sanduku lilipofunguliwa, nyeupe haikuwemo hata ya dawa. Fundi akatoa elfu mbili zake, akapewa nyekundu mbili. Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Zamu yake ya kutanguliza dau ikafika, nyekundu moja ikaenda kabla hajaona karata zake, na karata zenyewe zilikuwa takataka. Tukacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, na sijutii.

Alijikaza kisabuni. Akamuuliza shemeji yake kama nyeupe zitakuja Jumamosi ijayo. Muuza mbao akasema ziliisha dukani, akajifanya anachanganya karata.

Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Hazikuisha, kaka," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia asizilete. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una mwaka mzima. Nimechoka kukuona."

Fundi akainuka, akaweka mezani nyekundu iliyobaki, akaomba elfu yake. Akapewa. Akamshukuru dada yake kwa chai ambayo hakuinywa, akatoka. Tulisogeza viti, tukakaa kwa nafasi.