Pipa la Mama Mkwe

Samaki wa kijito kilichopita chini ya kiwanda walipoonekana wakielea matumbo juu, wenye kiwanda waliamua kubadili namna yao ya kufanya kazi. Ulikuwa mwaka wa 1951. Kiwanda hicho, kando ya barabara itokayo Nachingwea kwenda Ruangwa, kilitengeneza dawa ya kuua wadudu wa mashamba ya karanga. Meneja aliagiza vitambaa vizito vifungwe kwenye bomba la kutolea vumbi, maana vumbi hilo lilikuwa limezoea kutua juu ya paa za majirani kama unga wa muhogo. Maji ya kuoshea mitambo hayakuachwa tena yaende kijitoni. Yaliingizwa katika tangi la saruji. Yakabaki mapipa. Kwa muda mrefu wafanyakazi walikuwa wamepewa mapipa matupu, na kila mmoja aliona fahari kulipeleka lake nyumbani. Sasa yote yalitakiwa kurudi, yatobolewe na kufukiwa katika shimo lililosakafiwa.

Kazi hiyo alipewa nyapara Yunusi, naye aliifanya kwa bidii kwa kuwa aliiamini. Alikuwa amewaona samaki wale. Alipita nyumba hadi nyumba na mkokoteni, akaeleza, akabembeleza, akachukua. Nyumba moja tu aliiruka.

"Nyapara!" Kulthumu, jirani yake, alimwita siku moja mbele ya watu. "Langu umelibeba likiwa na mtama ndani. La mama mkwe wako mnalipigia saluti?"

Watu walicheka. Yunusi hakucheka. Pipa hilo alilitoa yeye mwenyewe alipooa, baada ya kulisugua kwa majivu na mchanga mpaka likang'aa, akidhani kwamba kilichong'aa ni safi. Mama mkwe wake, Bi Biasha, alilipokea kwa vigelegele, akaliweka limefunikwa kwa mkeka bila kulitumia. Alilitunza kwa ajili ya siku ya kumtoa mwali, mjukuu wake wa kwanza, binti wa mwanawe mkubwa. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi iliyokuwa inakuja, na tayari wanawake walikuwa wameanza kulijaza maji ya wageni.

Tatizo la Yunusi lilikuwa moja. Kwa desturi yao, mkwe wa kiume hakuzungumza na mama mkwe wake. Akimwona njiani alipinda kuingia vichakani. Akiwa na neno, alilipitisha kwa mke wake. Basi alimwambia Swaumu, mkewe:

"Mwambie mama pipa lina sumu. Watu wasinywe."

Swaumu alikwenda, akarudi jioni.

"Amekataa."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia kiwanda kinalihitaji."

"Swaumu! Mimi nimesema sumu."

"Wewe umesema ukiwa hapa. Mimi ningesema nikiwa mbele yake? Nimwambie mama yangu kwamba zawadi ya mkwe wake ni sumu? Angeuliza kama tulitaka kumuua."

"Rudi ukamwambie."

"Nilirudi mara ya pili, nikamwambia limechakaa. Akaligonga kwa ngumi, likalia. Akaniambia, 'Limechakaa wapi? Mume wako anataka kumpa mwingine.'"

Yunusi alielewa kwamba Swaumu hakudanganya kwa ubaya. Neno lililopita kwake lilikuwa limelainishwa kwa heshima, kama desturi ilivyotaka, na katika kulainishwa huko hatari ilikuwa imepotea.

Ijumaa asubuhi alisukuma mkokoteni hadi kwa Bi Biasha. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi hewani. Yunusi alisimama nje ya ua wa mabua ya mtama, akageuza mgongo, akaikabili barabara.

"Mama," alisema kwa sauti kubwa, "ni mimi, Yunusi."

"Ala! Huyu kalewa?" mwanamke mmoja alinong'ona.

"Sijalewa. Mama, pipa nililokupa lilikuwa na dawa ya kuulia wadudu. Nililiosha, lakini dawa ile haitoki kwa majivu. Imeua samaki. Sikulijua hilo nilipokupa. Watu wakinywa maji hayo wataumia, na mwali atakunywa kwanza."

Nyuma yake alisikia hatua, kisha mkeka ukivutwa. Alingoja kutukanwa. Alingoja pia kusikia maji yakimwagwa, na wazo hilo likamtia hofu nyingine, kwa sababu bustani ya mchicha ilikuwa pale pale chini ya mteremko na kisima hakikuwa mbali.

Sauti ya Bi Biasha ilitoka karibu, upande wa pili wa mabua. Kwa muda wote wa ndoa yake Yunusi hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake.

"Mkwe wangu. Niyamwage wapi?"

"Usiyamwage, mama. Nitayabeba yalivyo, mpaka kwenye tangi la saruji."

"Na wageni wangu watakunywa nini?"

"Nitayachota mengine mimi."

"Mwanamume achote maji?" Kulikuwa na kicheko kidogo katika sauti yake. "Swaumu! Mpe mumeo mitungi. Na nyie wengine geukeni mtazame kwingine, mtu apate kuingia kuchukua pipa lake."

Wanawake waligeuka. Yunusi aliingia uani akiwa ameinamisha macho, akalishika pipa kwa mikono miwili, akaanza kulivuta polepole kuelekea mkokotenini ili lisimwagike hata tone.