Tempe Katikati ya Kilio

Prasojo alimwacha Wening siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, kwa ujumbe wa simu wenye maneno sita: "Wewe ni mwema mno kwangu. Samahani."

Saa nne na robo karakana nzima ilikuwa imeshajua. Wening alikuwa mtu wa sauti ndogo, lakini uso wake haukujua kunong'ona.

"Nini tena, mdogo wangu?" aliuliza Tumini. Walikuwa wanawake wanne wamelizunguka karai la nta ya moto, kila mmoja na kitambaa chake cha batiki kimetundikwa mbele yake, mkononi kalamu ya nta, ile yenye kikombe kidogo cha shaba na mdomo mwembamba kama wa ndege anyonyaye maua.

Wening akampa simu. Tumini, ambaye hajawahi kusoma kitu kimoyomoyo maishani mwake, akausoma ujumbe kwa sauti.

Bibi Pairah alicheka mpaka akakohoa. "Mwema mno! Hata marehemu mume wangu wa kwanza aliniambia hivyo hivyo."

"Bibi, marehemu gani? Si yuko Semarang anauza matairi?"

"Kwangu mimi ni marehemu."

"Mimi nimeambiwa hivyo mara mbili," alisema Kanthi, mwembamba mwenye bangili nyingi. "Na mtu yule yule. Ningekuwa mbaya kidogo mara ya pili, labda tungeoana."

Karakana ile ya mjini Solo ilikuwa na desturi yake. Aliyeachwa alikabidhiwa spika kwa siku saba, achague nyimbo azitakazo, na haikuruhusiwa kumpinga. Kanthi alipoachwa walisikiliza wiki nzima wimbo wa bwana mmoja aliyelilia mpenzi wake na pikipiki iliyoondoka na mpenzi huyo, na hata leo hawajui kilichomuuma zaidi ni kipi. Waliuvumilia. Sasa ilikuwa zamu ya Wening, na Wening alitaka wimbo mmoja tu.

Ulikuwa wimbo wa mwavuli. Mwanamke amesimama chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, ana mwavuli wa kuwatosha watu wawili, mvua inanyesha, mtu wa pili haji. Wening alitaka kuusikiliza kimya kimya toka mwanzo hadi mwisho, alie, yaishe. Nyumbani asingeweza. Alilala chumba kimoja na mama yake, na mama yake alikuwa bado anamsifu Prasojo kwa kuoga mara tatu kwa siku.

Akaubonyeza wimbo. Filimbi ikalia. Mwimbaji akasema kwa sauti iliyopasuka kwamba mvua ilijua jina lake kuliko yule asiyekuja alivyolijua. Macho ya Wening yakajaa, kalamu ikasimama juu ya kitambaa. Ukaja mwanya mdogo kabla ya mstari wa pili.

"Haya tempe! Tempe! Tempe ya moto!" walipiga kelele Bibi Pairah, Tumini na Kanthi kwa pamoja.

Ndivyo nyimbo za kuachwa zilivyo kwao. Kilio kina ngoma ndani yake, na kila baada ya mstari kuna mwanya, na mwanya huo haujawahi kuachwa mtupu tangu ngoma iwambwe. Watu hutia humo chochote: tempe, ile soya ya kukaanga, kachori, jina la shemeji. Mwimbaji anavuja damu, wasikilizaji wanatangaza vitafunwa.

"Dada zangu, naomba," alisema Wening. "Mara moja tu, msijibu."

"Tusijibu!" Tumini aliweka mkono kifuani. "Mtu anaomboleza pale, sisi tumkalie kimya kama ng'ombe?"

Wakajaribu, kwa kumpenda. Mwanya wa pili ulipofika, Bibi Pairah alifumba midomo, mashavu yakamvimba kama mpiga tarumbeta, kisha "tempe" ikamponyoka kupitia puani. Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Wening. Machozi yaliyokuwa yamefika ukingoni yakarudi yalikotoka.

Jumanne, wimbo ukiwa unapigwa kwa mara ya tisa, tone la nta lilianguka kutoka kwenye kalamu yake na kutua pasipotakiwa, likakauka palepale, kubwa kama dengu.

Kitambaa kile hakikuwa cha mchezo. Kilikuwa cha bibi harusi. Wening alikuwa amekaa miaka minne akijaza vidoa na mistari ya wenzake kabla Mama Hardani, mwenye karakana, hajamwambia siku moja bila hata kumtazama, "Hiki chora mwenyewe, mwanzo hadi mwisho." Usiku ule furaha ilimnyima usingizi. Prasojo alipoambiwa habari hiyo alisema, "Vizuri," akaendelea kula tambi zake.

Mama Hardani alilikwangua tone lile kwa chuma cha moto bila neno. Alhamisi likaanguka la pili, na safari hii neno lilikuwepo.

"Wening, mwanangu. Moyo wako nauonea huruma. Kitambaa changu nakionea huruma zaidi. Likidondoka la tatu, kitambaa kinakwenda kwa Tumini, na wewe unakwenda nyuma kwenye pipa la kuchemshia, ukatoe nta za wenzako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama."

Kwenye pipa watu huingia kwa wiki moja wakatoka baada ya miaka sita.

Mama Hardani alipoondoka, wenzake wakageuka waganga. Kanthi alisema tatizo ni wimbo: mwavuli ni wa kinyonge mno, achukue ule wa pikipiki. Tumini akasema aliyeachwa kwa ujumbe anahitaji wimbo wa hasira, akauweka wa mwanamke anayezirudisha zawadi moja moja mpaka sufuria. Ulipofika kwenye sufuria Tumini akaanza kulia mwenyewe, kwa sababu ambazo mumewe hajui. Bibi Pairah akaimba wa zamani, wa binti aliyelia mpaka kisima kikafurika, akasahau ubeti wa tatu, akautunga palepale, na humo kisima kikamzamisha muuza matairi.

Mama Hardani alisikia kelele hizo kutoka ofisini. Ijumaa asubuhi akaja, akaichukua spika, akaifungia kwenye mtoto wa meza yake ofisini.

"Kuanzia leo, kimya. Na kesho mama wa bibi harusi anakuja kutazama kitambaa chake. Nataka akute watu wanafanya kazi."

Jumamosi mama huyo akaja, mtu wa hariri na pochi ndogo, miguu ikikanyaga kwa uangalifu kama anayeingia jikoni kwa jirani. Akapewa kigoda na chai. Mama Hardani akasimama pembeni ya Wening, mikono nyuma.

Karakana ilikuwa kimya. Moto tu chini ya karai, na pumzi za wanawake wakipuliza midomo ya kalamu zao.

Wening akachovya, akapuliza, akaanza kuchora jani. Mkono ulitulia. Alijua mama wa bibi harusi anamtazama. Na katika ukimya ule, bila kualikwa, wimbo wa mwavuli ukaanza kichwani mwake. Filimbi. Mvua inayojua jina. Hatimaye akausikia kama alivyotaka siku zote, bila mtu wa kuuingilia, na mstari wa kwanza ukafika mwisho wake.

Ukaja mwanya.

Hakuna aliyesema kitu. Mwanya ukawa mkubwa kama uwanja. Wening akabaki amesimamisha kalamu juu ya jani, kama alivyosimama Jumanne, kama alivyosimama Alhamisi, na akaona nta ikivimba kwenye mdomo wa kalamu, duara, nzito, tayari. Hapo ndipo akaelewa. Wenzake waliinua kalamu kila walipojibu. Miaka yote ile walichora kwenye mstari wa wimbo na kuchovya kwenye mwanya. Yeye peke yake, akiwa na heshima zake za huzuni, alikuwa akibaki pale juu ya kitambaa akining'inia.

Mkono haukutaka kuondoka. Ulikuwa umeganda kwa huzuni na woga. Akajua njia moja tu ya kuuondoa.

"TEMPE!" alipiga ukelele Wening.

Mkono ukaruka juu. Tone likamwangukia gotini. Chai ya mama wa bibi harusi ikamwagikia hariri. Na kwa kuwa mazoea ni mazoea, sauti tatu zikaitikia bila kufikiri: "Tempe! Tempe ya moto!"



Wening alitamani karai limmeze. Nta ilikuwa inamuunguza goti na hakuthubutu kuligusa. Mama Hardani aliinama juu ya kitambaa, akakitazama jani kwa jani. Hakukuwa na tone. Akainuka taratibu.

"Hii ni nini?" aliuliza mama wa bibi harusi, akijipangusa.

Wote wakamtazama Mama Hardani, mtu asiyesema uongo hata kwa watoza ushuru.

"Ni kwa vitambaa vya harusi tu, Bibie," alisema bila kupepesa. "Anachora aliyeachwa karibuni. Huzuni ikipita mkononi, tunaifukuza kwa kelele isije ikabaki kwenye kitambaa, ikampata binti yako. Nguo nyingine hatuzifanyii hivyo. Ni kazi nyingi."

Mama wa bibi harusi alimtazama Wening kuanzia utosini hadi kwenye lile goti.

"Wewe ndiye uliyeachwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Alikwambiaje?"

"Kwamba mimi ni mwema mno kwake."

"Loo." Mama yule akaweka kikombe chini. Kwa muda akaonekana kama mtu aliyekumbuka nyumba aliyowahi kupanga zamani. "Mpumbavu. Wanafundishwa wapi maneno haya, shule moja?" Akavuta kigoda karibu na karai, akakunja mikono ya hariri. "Basi upande utakaokaa kifuani mwa mwanangu, mpige kelele zaidi. Huyo bwana harusi simwamini sana. Endeleeni, nitangoja."

"Huyu ndiye atakayekimaliza?" akaongeza.

"Huyu huyu," alisema Mama Hardani, akimtolea Wening macho yaliyosema kwamba baadaye angedai maelezo marefu. "Hatuna mwingine aliyeachwa vizuri kama yeye."

Spika ilikuwa imefungiwa ofisini, na kwenda kuifuata kungeharibu uongo. Kwa hiyo Wening akachovya kalamu, akapuliza, akaanza kuuimba wimbo wa mwavuli mwenyewe, kwa sauti yake ile ndogo isiyofika juu, machozi yakimtiririka sasa kama maji ya bomba bovu na mkono ukienda sawasawa kwenye ukingo wa jani. Wenzake watatu wakamtazama mdomo, kalamu tayari, wakingoja amalize mstari.