Bwana Zadock Hayupo

Simu ya pale Mamboleo, nje kidogo ya mji wa Kisumu, ilikuwa ya Simiyu, mwenye mashine ya kusaga unga, na Simiyu alikuwa ameifunga kufuli. Kufuli dogo tu, kwenye tundu la kuzungushia namba, na ufunguo wake aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Kupiga, basi, sahau. Lakini kupokea hakufungiki. Simu ikitaka kulia italia, na hapo ndipo Walter alipoona njia.

Walter alikuwa mwana wa pekee wa Benta, yule mama aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, mbele ya mashine hiyo. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma. Mwaka wa themanini na saba alipata kibarua kizuri Mwanza, ng'ambo ya ziwa, kwenye karakana ya meli, mkataba wa miaka miwili. Ukivunja mkataba huna chako. Mkewe, Seline, akabaki na Benta katika vyumba viwili nyuma ya mashine ya Simiyu.

Barua kutoka Mwanza ilichukua wiki tatu, ikiwa imependa kufika. Telegramu ilifika upesi, lakini telegramu ilikuwa na maana moja tu, na mtu akiiona mlangoni huanza kulia kabla ya kuifungua. Simu nayo ya kuvuka mpaka, dakika tatu zilikula mshahara wa siku mbili. Walter hakuwa mchoyo, tusimwonee. Alikuwa mtoto wa baba yake.

Ujanja wenyewe ulikuwa hivi. Pale posta ya Mwanza ungeweza kuomba simu ya kumtaja mtu. Unamwambia opereta, nataka Kisumu, namba hii, niongee na fulani. Opereta wa Mwanza anampata wa Kisumu, wa Kisumu anapiga, anauliza: fulani yupo? Akiwapo, unalipa dakika tatu, uziongee usiziongee. Asipokuwapo, hulipi hata senti. Ila wewe uliyepiga umeshika simu kule, na kila linalosemwa unalisikia.

Kwa hiyo Walter alihitaji mtu ambaye hatapatikana kamwe. Mtu hai hafai, mtu hai ana tabia ya kutokea. Akamchagua baba yake, Zadock Ogola, ambaye alikuwa na miaka minne kaburini huko Bondo.

Benta alikasirika. "Unataka nikae hapa nikipokea simu za marehemu?"

"Mama, huyo mzee hakupenda pesa ipotee. Angefurahi."

Hilo lilikuwa kweli, maana Zadock alikuwa mtu wa kuzima taa wageni wakiwa bado wanaongea, akisema maneno hayahitaji mafuta ya taa. Wakakubaliana. Benta angejibu: "Hayupo, amekwenda Bondo." Maana yake wote ni wazima. Benta alikuwa mama wa kanisa, mtu wa kusimama mbele kwenye kwaya, na jibu hilo alilipima siku nyingi kabla ya kulikubali. Akaona linapita. Zadock alikuwa kweli hayupo. Alikuwa kweli amekwenda Bondo. Kama opereta hakuuliza amekwenda kufanya nini, shauri yake.

Basi kila Jumamosi saa tisa simu ililia, Simiyu akazima mashine, akina mama wenye madebe yao ya mahindi wakanung'unika, na Benta akajipangusa magamba ya omena mikononi akaingia. Opereta wa Kisumu alikuwa mara nyingi yule yule, dada mmoja wa Kimaragoli aliyeitwa Kageha, mwenye sauti ya mtu aliyekunywa chai vizuri.

"Mwanza anamtaka Bwana Zadock Ogola. Yupo?"

"Hayupo. Amekwenda Bondo."

Miezi ikapita. Siku moja Kageha akashindwa kujizuia. "Mama, kwani huyu bwana ana nini huko Bondo?"

"Ana shamba."

"Kubwa?"

"La kumtosha."

Upande wa Mwanza mtu akakohoa, na Benta akajua mwanawe anacheka. Aliipenda siku hiyo. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kuzipenda Jumamosi zote. Tangu mazishi yaishe, watu walikuwa wameacha kulitaja lile jina, kama wanavyofanya watu wakidhani wanakuhurumia. Sasa kila wiki mtu wa serikali alimpigia simu kumuulizia mumewe, kwa heshima, na Bwana mbele.

Walter alikuja Krismasi, akakaa siku kumi, akarudi. Wenye kuhesabu wahesabu. Mtoto alitazamiwa Septemba.

Nyumba hiyo haikufurahia mimba haraka. Seline alikuwa amezaa mara mbili kabla. Wa kwanza hakulia. Wa pili alilia siku mbili akanyamaza. Kwa Wajaluo mtoto wa kiume hukaa ndani siku nne, wa kike tatu, ndipo anatolewa mlangoni aonyeshwe nje, na hao wawili walikwenda kabla ya kuuona mlango. Hawakuwahi hata kupata jina. Seline hakuwazungumzia, lakini mimba hii ya tatu aliibeba bila kushona hata nguo moja ya mtoto, na Benta hakumuuliza.

Agosti, mwanamke mmoja mchuuzi wa samaki, Awuor, alirudi kutoka Mwanza na barua ya Walter ndani ya kikapu. Ilikuwa na sheria mpya. Bondo, maana yake bado tunangoja. Katito, maana yake mtoto amezaliwa, yeye na mama wote wazima. Kisii, maana yake mambo ni mabaya, na hapo, aliandika Walter, naacha mkataba na kila kitu na kupanda meli siku hiyo hiyo. Chini kabisa alikuwa ameongeza: "Mama, usisahau."

Benta hakusahau. Tatizo lake lilikuwa Katito. Zadock hakukanyaga soko la Katito tangu mwaka wa sabini na moja, alipouziwa pale ng'ombe aliyekufa kabla ya kufika Ahero. Bondo ilikuwa kweli, lakini Katito ilikuwa uongo mtupu, uongo ambao mwenyewe angefufuka kuukana. Benta akamwambia Mungu mapema kwamba atausema mara moja tu, na kwa sababu gani.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, Bondo. Ya pili, Bondo. Walter hakukohoa. Benta alisikia pumzi zake tu, na Kageha naye hakutania.

Mtoto alizaliwa Jumanne jioni, wa kiume, na alilia vizuri. Shida ni kwamba hakuacha. Wakarudi naye nyumbani kutoka hospitali Jumatano, analia. Alhamisi, analia, ziwa akipewa analitema. Aoko, mama yake Seline, akaja na kufanya kama wazee walivyofanya: mtoto akilia hivyo, kuna mtu wa ukoo anayetaka jina lake, na kazi yenu ni kutaja majina mpaka mpate mwenyewe. Aoko akataja baba yake, akataja wajomba, akataja shangazi mmoja mkali ambaye hakuna aliyemtaka arudi. Mtoto akalia.

Benta alikaa pembeni. Jina alikuwa nalo mdomoni, lakini aliona aibu. Jina la mume wake alikuwa amelitumia mwaka na nusu kuidanganya posta. Angeliitaje leo, na kwa uso gani? Na je, akiliita na mtoto asinyamaze?

Ijumaa mchana sauti ya mtoto ilikuwa imekauka. Seline alikuwa amegeuka ukutani. Aoko akamtazama Benta.

"Mama Walter, kuna mtu unamficha."

Benta akainuka, akainama juu ya mtoto, akasema, "Zadock."

Mtoto akanyamaza. Akatafuta ziwa, akalipata, akanyonya kama mtu aliyetoka safari. Benta alilia waziwazi, mikono ikining'inia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Seline akageuka kutoka ukutani, akaanza kuuliza kama kuna uji.

Jumamosi, siku ya nne, wakamtoa mlangoni. Jua lilikuwa kali, mtoto akafumba macho akapiga chafya. Benta ndiye aliyemshika, na hakutaka kumwachia mtu. Hata saa tisa ilipofika na Simiyu akazima mashine na kumwita, alikwenda naye mkononi, amefungwa kwenye leso, Aoko na wenye mahindi wakimfuata nyuma.

"Mwanza anamtaka Bwana Zadock Ogola," alisema Kageha. "Yupo?"

Neno Katito lilikuwa tayari. Lakini kabla ya Katito kulikuwa na neno jingine ambalo Benta alikuwa amelisema kila Jumamosi bila kulisikia. Hayupo. Alimtazama mtoto. Macho yalikuwa wazi. Siku yake ya kwanza nje, jina lake limetajwa, na bibi yake mwenyewe aseme kwa sauti mbele ya watu kwamba hayupo? Wale wawili walikuwa wamekwenda bila kuambiwa na mtu kwamba hawapo. Huyu aambiwe?

"Mama? Yupo, au amekwenda Bondo?"

"Yupo," alisema Benta.

Kageha akadhani hakusikia vizuri.

"Umesema yupo?"

"Yupo. Nimemshika."

Sheria ya kazi ya Kageha ilikuwa wazi, na aliifuata. "Mwanza, mtu wako yupo. Una dakika tatu. Ongea."

"Mama." Sauti ya Walter haikuwa sauti ya Walter. Yupo haikuwamo kwenye barua. Haikuwa Bondo, haikuwa Katito wala Kisii, na mtu aliyekaa wiki mbili akingoja neno moja kati ya matatu akipewa la nne, anajua tu kwamba mamake amechanganyikiwa, na kina mama hawachanganyikiwi bure. "Mama, sema. Ni Seline?"

"Seline yuko ndani, anakunywa uji wa pili. Mtoto ni wa kiume. Leo tumemtoa nje. Alilia siku tatu mpaka tukampata mwenyewe. Ni baba yako, Walter. Sasa opereta ananiuliza Zadock yupo, na mimi nimembeba hapa. Ningesemaje?"

Benta akasikia kishindo, kama mtu amekaa chini sakafuni pale posta.

"Ongea, nyathina, mwanangu, pesa inakwenda."

"Iende," alisema Walter. Kisha akalia, na Benta akamwacha alie. Alikuwa mwenye kulipa.

Benta akamwekea mtoto simu sikioni. Baba akasema jina, akalirudia. Mtoto alisikiliza, akatoa sauti ndogo ya kukoroma, basi. Aoko akasema amejibu. Simiyu, ambaye hakuulizwa, akasema hata yeye amesikia.

"Mwanza, dakika tatu zimekwisha," alisema Kageha, na sauti yake ilikuwa na mafua. "Nikate?"

Katika mwaka na nusu Walter hakuwa amelipa simu hata moja.

"Ongeza," alisema.

Wakaongezewa. Akauliza uzito, akauliza nywele, akauliza kama Seline amecheka. Benta akasema bado, lakini asubuhi ameomba uzi na sindano. Zilipobaki sekunde chache, Walter akakumbuka jambo.

"Sasa Jumamosi ijayo nitamuulizia nani?"

"Tafuta mtu mwingine," alisema Benta. "Huyu sitasema tena hayupo."