Mafuta Yanayonukia Mtu

Mgeni aliingia chumba cha mtambo wakati Shangazi anakinga matone ya kwanza ya mafuta ya mchaichai. Kilichomkera Shangazi si kwamba hakubisha hodi, ni kwamba pua yake haikumpa taarifa. Kwa kawaida alimjua mtu kabla hajavuka kizingiti. Mlinzi alitanguliwa na tumbaku, wachumaji walitanguliwa na sabuni ya kufulia, na Bosi, mtoto wa kaka yake, alitanguliwa na manukato ya dukani, jambo ambalo kwa mtu anayeuza mafuta ya kunukia lilikuwa aibu ndogo. Kijana huyu hakutanguliwa na kitu.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba. Nani kakufungulia geti?”

Hakuna aliyemfungulia. Mlinzi alikuwa ametazama upande mwingine, akaeleza, na mbwa alimkojolea mguu kama anavyokojolea nguzo, akaenda zake. Shangazi aliinama akanusa. Suruali ilinuka mbwa. Aliyeivaa hakunuka kitu.

Shangazi alizijua namna mbili tu za watu wasio na harufu: maiti walioogeshwa vizuri, na wezi. Maiti haamkii. Akasogeza chupa zake mbali na mkono wa kijana.

Kijana alisema aliwahi kufanya kazi hapo, msimu uliopita, kwenye pipa. Kila mtu kiwandani aliijua kazi hiyo. Majani ya mchaichai yakimwagwa ndani ya pipa kubwa la mtambo hulala ovyo, na mvuke hupenya kwenye mianya bila kubeba mafuta. Kwa hiyo wachumaji huvua viatu, hupanda ndani, na kuyashindilia kwa miguu huku wameshikana mabega wakiimba. Majani huwakata ngozi na jasho huwadondoka. Kisha wao hutoka, mfuniko hufungwa, na moto huwashwa.

Msimu ulipokwisha, alirudi kwa mama yake. Mama haoni, macho yalikwisha zamani. Alimsikiliza mtoto wake mlangoni, akamuuliza maswali ya utotoni, akajibiwa yote sawasawa, kisha akavuta hewa kwa pua na kutia komeo. Alisema sauti huigwa na habari za nyumbani hununuliwa, lakini mwanawe anamjua anavyonukia, na huyu aliyesimama hapo hanukii mtu. Tangu hapo kijana alilala kwenye jiko la nje. Mama alimwekea chakula dirishani kama anavyowekewa mpita njia, na kila jioni aliwauliza majirani kama wamemwona mwanawe.

“Nataka harufu yangu,” kijana alisema. “Imebaki humu.”

Shangazi hakumwamini. Hadithi ilikuwa imenyooka mno. Lakini mafuta yalikuwa yakidondoka na hakuweza kuuacha mtambo ili abishane.

“Ikipatikana, ni yako yote,” akasema.

Ilikuwa ahadi ya kumwondoa mtu mlangoni. Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akatoka kwenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta.

Bosi alipopata habari alikuja mwenyewe.

“Shangazi, huyo katumwa. Wenzetu wa ng'ambo ya mto wanaitafuta siri yetu.”

“Siri gani?”

Bosi akaiangalia saa yake, akasema ana mteja anamsubiri.

Ni saa hiyo iliyomwingia Shangazi kama kibanzi kidoleni. Alimlea Bosi tangu akiwa anatambaa, na alijua kwamba mtoto yule, kila alipoiba sukari, aliulizia saa. Akaikumbuka kazi ya pipa, akaenda nyuma ya stoo, ambako mashine ya chuma ya kushindilia majani ilifunikwa turubai. Bosi aliinunua, ikatumika siku chache, kisha akatangaza kuwa ni mbovu. Shangazi aliinua turubai akazungusha usukani. Ulizunguka kama uliotiwa grisi jana.

Alimwuliza wakati wa chai. Bosi hakukasirika. Alimsogezea kikombe na kujibu kwa upole, kama anayemweleza mtu mzima jinsi ya kutumia simu. Mashine ilifanya kazi vizuri sana. Ila mafuta yalirudishwa yote. Wateja walisema ni safi, hayana kasoro, lakini hayanukii mtu.

“Kwa hiyo unajua,” Shangazi akasema.

“Wanapoteza nini? Wanakula, wanatembea, mshahara wanapokea. Harufu haimo kwenye mkataba, Shangazi.” Akapuliza chai. “Kama ipo chupa itakayomnyamazisha huyo kijana, mpe. Mimi sina ubaya na mtu.”

Sampuli ya kila pipa hutunzwa stoo, kwenye chupa isiyozidi kidole gumba. Za msimu ule zilikuwa nyingi, na Shangazi alizifungua moja moja, akiwa bado anatarajia kumkuta kijana ni mwongo. Alikutana na wasichana waliokwisha kuolewa mbali, na mzee mmoja mpenda vitunguu. Kisha akafungua chupa iliyonukia maziwa yaliyoungua, moshi wa jiko, na shuka la mtoto aliyekuwa na homa. Hakuhitaji kuambiwa. Ulikuwa umri wa yule kijana, na kimo chake.

Nyuma ya harufu hiyo, kwenye chupa hiyohiyo, kulikuwa na karafuu na gundi ya mbao.

Shangazi alikaa juu ya gunia. Mume wake alikuwa fundi seremala wa kiwanda, akitafuna karafuu kwa ajili ya gego alilokataa kung'olewa. Siku moja mshindiliaji mmoja hakufika, na yeye akapanda pipani akicheka, kuziba pengo tu. Hakuuona mwisho wa msimu. Wakati wa matanga Shangazi alinusa mashati yake na kukuta kitambaa kitupu. Aliwashuku mawifi kwamba wameyafua, na mpaka leo walikuwa wakisalimiana kwa mbali.

Aliwaza kugawa. Lakini mafuta hayachambuliwi kama mchele. Nusu yoyote ingekuwa na nusu ya wote wawili, na mama aliyemfungia mlango mtoto mzima hangemfungulia nusu. Aliinusa chupa mpaka pua ikachoka. Lakini kijana alikuwa amemwahidi yote. Akafunga kizibo.

Yeye na kijana walipita kando ya pipa wakielekea getini. Kundi jipya lilikuwa ndani, majani magotini, wimbo umekolea. Msichana mmoja alijinusa kwapa, hakukuta kitu, akaendelea kushindilia.

Nje ya nyumba ya mama, Shangazi alimpaka kijana nyuma ya masikio, shingoni na viganjani, akakung'uta chupa mpaka ikawa kavu. Kijana akaanza kunukia kuanzia juu kwenda chini, kama mtu anayevaa shati. Akabisha hodi. Komeo likatoka, na pua ikatangulia kwenye upenyo.

“Mwanangu,” mama akasema. “Mbona umechelewa hivi?”

Alimshika kichwa kwa muda mrefu. Kisha akainua pua tena, na shaka ikamrudi usoni.

“Na huyu baba wa karafuu uliyekuja naye, mbona hasalimii?”

Kijana akamtazama Shangazi.

“Ana haya, dada yangu,” Shangazi akasema. “Mpishe tu, apite aketi.”

Mama akasogea pembeni, akauacha mlango wazi muda wa kuwatosha watu wawili kupita, ndipo akaufunga. Shangazi alirudi mtamboni, maana pipa la mchana lilikuwa limekwisha kushindiliwa.