Kesi ya Mwanasesere wa Macho Makubwa

Mshtakiwa alilazwa chali mezani, kati ya birika la chai na sahani ya mandazi, na hakuna aliyemkaribisha hata andazi moja. Alikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, nywele nyeupe, sketi fupi ya marinda, na macho. Kesi nzima ilihusu macho.

Mimi ndiye niliyeyachora. Naitwa Shantel, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, kwa kuwa nayo haipendi kunitaja. Ilikuwa likizo ya Agosti, nasi tulikuwa sebuleni kwa Senje Maximilla, dada mkubwa wa baba yangu, mtaa wa Amalemba hapa Kakamega. Senje ni mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji wa wanasesere. Ndiyo, chama hicho kipo. Wengine hukusanya ng'ombe. Sisi hukusanya watoto wasiolia wala kudaiwa karo.

Kulia kwa Senje alikaa Mwalimu Onesmus, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye wanasesere wa kale kuliko mtu yeyote upande huu wa msitu: wa matambara, wa mabua ya mahindi, na mmoja wa kauri ambaye hata mkewe haruhusiwi kumpangusa vumbi. Kushoto alikaa Mzee Makhanu, mzee wa kanisa, ambaye mfukoni mwake mlikuwa na ufunguo wa ukumbi. Kanisa lilikuwa limetupa ukumbi huo Jumamosi kwa maonyesho yetu ya kwanza kabisa. Sasa ilikuwa Alhamisi, na hatukujua kama bado tulikuwa tumepewa.

Balaa lilianzia kwenye simu. Senje alituma picha za wanasesere wetu ili kuwaalika watu, na kati ya picha zote iliyosambaa ilikuwa ya wangu. Kufika jioni vijana wa chuo walikuwa wanauliza kama wanaruhusiwa kuja na wigi za buluu na panga za mbao, maana wamesikia Kakamega kuna siku ya anime, zile katuni za Kijapani. Mjukuu wa Mzee Makhanu akamwonyesha babu yake. Kisha, kwa wema wa moyo wake, akamwonyesha na katuni moja, na kwa bahati mbaya ikawa ile ambayo doli linafumbua macho na kuwanyonya watu roho.

"Mimi sina ubaya na doli," alisema Mzee Makhanu, akisogeza kikombe chake mbali na mshtakiwa. "Watoto wangu walikuwa nazo. Lakini hii inaniangalia."

"Zote zinaangalianga, Mzee," Senje alisema. "Zina macho."

"Zile zako kwa kabati zinaangalia mbele. Hii inanifuata. Nimebadilisha kiti, bado inanifuata."

Alikuwa amebadilisha kiti kweli. Nilitamani kucheka, lakini nilipomtazama Mwalimu Onesmus kicheko kilinikauka. Alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi.

"Mwenyekiti, naomba kusema," alisema.

"Sema, Mwalimu."

"Nimekusanya wanasesere tangu sijaota ndevu. Mama mkwe wangu alimwuliza mke wangu kama niko sawa kichwani. Siku ya kustaafu, walimu wenzangu waliniletea nepi, wakacheka mpaka wakalia. Nikavumilia. Kwa nini? Kwa sababu nilijua kuna siku watu wataingia mahali, wamwone yule wa mabua ambaye mama yangu alinishonea wakati wa njaa, na watanyamaza. Siku hiyo ni kesho kutwa. Na jana sokoni kijana amenisimamisha akaniuliza, 'Mwalimu, zako ni za anime gani?' Anime gani! Nepi ilikuwa afadhali."

Hakuna aliyegusa andazi.

"Huyu si wa katuni, Mwalimu," nikasema.

"Basi ni wa nini? Anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Kila mwanasesere kwenye chama hiki ana jina. Wewe unaficha la Kijapani."

Naomba wasomaji wanielewe. Sijawahi kutazama anime hata moja nikafika mwisho. Shuleni hatuna simu, na nyumbani runinga ni ya baba na mpira. Lakini ukiweka ushahidi mezani, macho makubwa, nywele nyeupe, sketi ya shule, hata mimi ningejifunga jela. Tena nina sifa. Shuleni kuna kiranja aliyewahi kufunua blanketi yake akakuta kichwa cha doli kimetangulia kulala. Tangu hapo, nikisema kweli watu huona ni sehemu ya pili ya mzaha.

Na ukweli ulikuwa huu: yule mwanasesere alikuwa nyanya yangu.

Kukhu Alice, mama yake Senje na baba, alivaa miwani minene kama kitako cha chupa ya soda. Nyuma ya vioo vile macho yake yalikuwa makubwa ajabu, ya kuogelea, na yalikuwa yanakufikia kabla yeye hajakufikia. Alipofariki mwaka juzi nilitafuta picha zake zote. Katika kila picha miwani inamulika. Mahali pa macho pana weupe tu, kama taa mbili za gari. Kwa hiyo muhula uliofuata, kabla sijasahau, nilichukua mwanasesere niliyemnunua kwenye mtumba, nikamfuta uso wa kiwandani, nikachora macho ya Kukhu kama nilivyokuwa nikiyaona. Nywele ni uzi mweupe. Sketi nilikata kwenye sketi yangu ya shule iliyochanika, maana bwenini hakuna duka la vitambaa. Macho yale hayako popote pengine duniani. Hata kichwani mwangu sasa yameanza kufifia.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu kwetu jina la marehemu ni la mtoto. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee wanamtajia majina ya waliokufa, moja moja, na yule ambaye kwa jina lake mtoto atanyamaza ndiye aliyerudi. Jina la Kukhu Alice lilikuwa linangojewa. Risper, mke wa kaka yangu, alikuwa na mimba kubwa, na Senje alikuwa ameshatangaza kwamba akiwa msichana ni Alice, asibishane mtu. Halafu aje msichana mmoja mtundu aseme jina hilo lina mwili tayari, wa plastiki, na limevaa sketi inayoonyesha magoti!

Nikawaongezea chai.

"Mwenyekiti," alisema Mwalimu Onesmus, "dawa ipo." Akafungua mkoba wake, akatoa pamba na kichupa cha dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Sote kwenye chama tunakitumia. Ndicho kinachofuta uso wa mwanasesere ili umchoree mwingine. "Tumfute macho. Mimi mwenyewe nitamchorea madogo, ya heshima. Ukumbi tutapata, na Shantel atabaki chamani."

"Yakiwa madogo," Mzee Makhanu alisema, "nitakaa naye hata kiti kimoja."

"Na asipokubali?" Senje aliuliza.

"Asipokubali, aondoke naye. Kwa chama pia. Samahani, Mwenyekiti, najua ni mtoto wa ndugu yako. Lakini mimi sitafika kaburini nikiitwa mtu wa katuni."

Senje alinigeukia. "Shantel, mukhana, msichana wangu. Unasemaje?"

"Tungoje kidogo," nikasema. "Hajanywa chai."

Nilidhani mtu angetabasamu. Hakuna. Senje alinitazama kama mtu anayetazama mlango akitarajia mgeni, kisha mgeni asije.

"Ni macho tu," akasema polepole. "Utachora mengine. Mwalimu, endelea."

Mwalimu Onesmus alilowesha pamba. Harufu kali ikajaa sebule, ikanichoma puani. Hakuwa mkatili, hilo nalikiri. Alimwinua mwanasesere kwa vidole viwili chini ya kidevu, kwa upole, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Pamba ikashuka kuelekea jicho la kushoto. Nilitaka kutupa birika. Nilitaka kuzirai, na kuzirai nakujua, nimewahi kuzirai mara nyingi wakati wa mtihani wa hesabu. Lakini kuzirai kungemchelewesha tu. Tone la dawa lilikuwa linajikusanya kwenye ncha ya pamba, linanenepa.

"Ni Kukhu!"

Pamba ikasimama hewani.

"Nani?" aliuliza Mwalimu.

"Kukhu Alice. Usimfute. Hayo ni macho yake ya kwenye miwani."

Mzee Makhanu ndiye aliyeelewa kwanza. Aliinuka, na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Umeipa doli jina la marehemu?"

"Sijalitamka, Mzee. Ni kwa moyo tu."

"Kwa moyo! Moyoni ndiko wanakosikia!" Alirudi nyuma mpaka akagota kwenye kabati. "Heri ingekuwa katuni, jamani! Katuni tungeiombea ikaisha. Sasa hii nitaifanyia ibada gani? Na Risper vile alivyo! Mtoto akija akose jina, nani ataulizwa?"

"Senje," nikasema, "leo si mzaha. Haki ya Mungu."

"Nyamaza."

Alimchukua mwanasesere mkononi mwa Mwalimu, akaenda naye dirishani. Alitugeuzia mgongo. Nje muuza miwa alipita akipiga kelele, akaenda zake, nasi bado tunamngoja. Niliona mabega yake tu. Nilijiambia: akimvunja, nitaokota vipande. Akinifukuza, nitapanda gari la jioni niende kwa baba Butere nikamweleze mwenyewe kabla hajapigiwa simu. Senje alimwinamisha mwanasesere kidogo kushoto, kidogo kulia, akitafuta mwanga.

"Hili la kushoto," hatimaye akasema, "umelifanya kubwa kuliko la kulia."

"Kioo cha kushoto kilikuwa kinene zaidi, Senje."

"Najua kilikuwa kinene. Mimi ndiye nilikuwa nakipangusa." Sauti yake haikuwa na kitu ndani, kama sufuria iliyosuguliwa. "Na hii sketi?"

"Sikuwa na kitambaa kingine."

"Mama yangu hakuonyesha goti hata kwa daktari."

Akafungua kitambaa cha kichwani mwake, akamfunga mwanasesere kuanzia kifuani hadi nyayoni, akavuta fundo kwa meno. Nilikuwa sijawahi kumwona Senje bila kitambaa mbele ya wageni.

Nilimgeukia Mwalimu Onesmus. Pamba ilikuwa imemwangukia kwenye chai yake na hakuwa amejua. Alikuwa anatazama vidole vyake viwili.

"Kukhu wako alinifundisha darasa la tatu," akasema. "Mimi nilikuwa namfuta macho mwalimu wangu."

"Mwalimu, hata wewe?" Mzee Makhanu alisema.

"Mzee, wewe hukusoma kwake. Wewe hujui kutazamwa na yale macho ukiwa umekosa hesabu."

"Nimeshatazamwa leo, yanatosha." Mzee alijipapasa mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka mezani, mbali kabisa na mahali alipokuwa amelala mshtakiwa. "Ukumbi chukueni. Lakini huyo haingii. Na jina, Maximilla? Jina la mtoto wa Risper?"

"Jina si sukari, Mzee, kwamba akionja mmoja linapungua. Mtoto ataitwa Alice." Senje alimkumbatia mwanasesere begani. "Na huyu haingii kweli. Nani alikwambia nitamweka mama yangu mezani wale wa wigi waje wampige picha?"

Hukumu ndiyo hiyo. Nilikuwa nimeyaokoa macho, nikapoteza meza yangu ya maonyesho kwa pumzi moja. Senje alipita katikati yetu, akaingia chumbani, akarudisha mlango. Mzee Makhanu aliaga mlango ule ule uliofungwa, kwa heshima kubwa, akatoka bila kumaliza chai.

Tulibaki wawili. Mwalimu aliitoa pamba kwenye kikombe kwa kijiko.

"Ukingo wa kope," aliniuliza bila kunitazama. "Ulichora na nini?"

"Kijiti cha meno, Mwalimu."

Akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa anajaribu mchoro ule kwa kidole, kwenye goti lake.

"Jumamosi utasimama kwa meza yangu," akasema. "Wale wakija kuuliza ni anime gani, wewe ndiye utawajibu. Mimi nikijibu nitapiga mtu."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie wamwulize kila mwanasesere ni nani, si ni wa katuni gani. Halafu wape viti. Wakikaa, watasikiliza."

Jioni, baada ya vyombo, nilibisha chumbani kwa Senje. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba nzima: kwamba mwanasesere ni wangu, kwamba nilimnunua kwa pesa yangu ya sabuni, kwamba nimekubali sketi ndefu. Senje alifungua mlango kwa upana wa uso wake tu.

"Nimekuja kumchukua," nikasema.

"Nani?"

Nikisema mwanasesere, nimemtusi mama yake; nikisema Kukhu, basi ni mama yake, si wangu wa kuchukua.

"Amelala," Senje akasema, akarudisha mlango polepole, usije ukapiga kelele.