Mikwaruzo ya Mlango wa Nyuma

Mathenge alifika kwa Cheptanui saa tatu asubuhi, redio ya gari ikipiga kelele za kuwaudhi hata watu wa mtaa wa Rhonda, ambao kelele wamezizoea. Tangu amzike Njuguna, ndugu yake mkubwa, miezi minne iliyopita, haendeshi gari redio ikiwa kimya. Ikinyamaza tu, nyuma yake huanza: kwaru, kwaru, kwaru.

"Nataka hivyo viti vya nyuma vikae kama vipya," alisema. "Na huo mlango. Mamangu anatoka kliniki, atakuja hapa saa sita."

Cheptanui alikuwa fundi wa kusafisha magari ndani, mwanamke wa maneno mengi na mikono isiyo na haraka. Viti vya ngozi hakuvimwagia maji hata siku moja. Alifyonza vumbi kwanza, akatia povu kwenye brashi laini, akasugua kwa mizunguko midogo, kisha akafuta kwa kitambaa kabla povu halijakauka. Brashi ilipofika mlangoni ikalia, kwaru, kwaru. Mathenge aliondoka mbio akaenda kusimama kando ya mtaro.

"Boss, kuja uone," Cheptanui aliita. "Kwani ulibeba mbwa?"

Chini ya kishikio cha mlango, kwenye ngozi ya rangi ya maziwa, palikuwa na mikwaruzo minne mirefu, myeusi ti.

"Eeh, mbwa," alijibu Mathenge upesi. Mtu akimwita nduguye wa tumbo moja mbwa, na mdomo wake usipinde, ujue ameshafika mbali.

"Na ukapaka nini hapa?"

"Mafuta ya kukamulia."

Cheptanui alicheka mpaka akashika kiuno. "Woi! Boss, hii ni gari, si chuchu ya ng'ombe!"

Lakini tusimcheke sana. Kwao Elburgon mafuta hayo hupakwa kila kitu: chuchu, visigino vilivyopasuka, viatu vya kanisani. Jana jioni mikwaruzo ilikuwa hafifu, ya kutafutwa kwa macho. Yeye akapaka, akasugua, akalala akiamini imekwisha. Ngozi ya gari ina rangi ya juu inayoilinda. Ikichubuka, mafuta huzama ndani na kupafanya peusi. Alichotaka kukificha, alikuwa amekianika kwa mkono wake mwenyewe.

"Inatoka?"

"Nitoe hayo mafuta, nijaze hizo nyufa, nipake rangi, ikauke kwa kivuli. Siku tatu."

"Sina siku tatu. Niko na masaa matatu."

Cheptanui aliinama tena, akapitisha kidole kwenye mshono wa mlango na kuchomoa kitu kidogo. Kilikuwa kipande cha ukucha. Alikitazama, akamtazama Mathenge, akakiweka polepole juu ya kitambaa. Habari za mbwa hakuziuliza tena.

Siku aliyofariki, Njuguna alikuja kwa Mathenge akiyumba, jasho linamtoka, ulimi mzito. "Sijakunywa, Mathenge. Ni sukari. Nipeleke hospitali." Alikuwa mlevi kwa miaka ishirini, na alikuwa ameacha kwa miezi mitatu tu, kwa hivyo Mathenge hakumwamini. Alimlaza kiti cha nyuma, na njiani akasimama kwenye kiwanda cha mbao ili achague mbao za dari ya nyumba yake. Akafunga gari asisumbuliwe. Milango ya nyuma ilikuwa na loki ya watoto, haifunguki kutoka ndani. Kule kwenye misumeno hakusikia kitu. Alikaa dakika arobaini. Aliporudi, Njuguna alikuwa ameegemea mlango, macho wazi.

Mama yao, Wachuka, aliambiwa mengine: kwamba mwanawe alifia mkononi mwa nduguye, wakikimbia hospitali, akimtaja yeye mama yake. Kwa maneno hayo ndipo alipoanza kula tena. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Mathenge ilikuwa imemfikisha miezi minne, na sasa mama alitaka kukaa kwenye kiti kile aombe. Mathenge aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Akiujua ukweli, mama atakuwa amefiwa na wana wawili.

Wachuka alikuja kabla ya saa sita, kwa bodaboda, Biblia kwapani.

"Mami, kaa hapa mbele, ndio pazuri."

"Nyuma. Pale mtoto wangu alikaa."

Aliingia, akapapasa kiti, akafumba macho. Aliomba kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu kwa uhai wa Njuguna, kisha akamshukuru kwa Mathenge, aliyemshika ndugu yake mkono hadi mwisho asife peke yake. Mathenge alitamani ardhi ipasuke.

Mama akafumbua macho na kuiona mikwaruzo. Aliweka vidole vyake vinne juu yake, kila kidole na mstari wake, vikaenea.

"Hii ni nini, Mathenge?"

Neno mbwa lilikuwa tayari mdomoni. Alimgeukia Cheptanui, naye alikuwa anakunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa, uso chini. Neno likakataa kutoka.

"Nilimfungia, mami. Nikaenda kuchagua mbao. Nilidhani amelewa."

Wachuka hakulia. Aliiweka Biblia kando.

"Funga mlango," alisema.

"Mami, tafadhali..."

"Funga."

Alifunga. Kupitia kioo alimwona mama yake akikishika kishikio na kuvuta, mara moja, mara ya pili, mlango umekataa. Kisha vidole vyake vikashuka kwenye ngozi. Kwaru. Mathenge aliurukia mlango na kuufungua kwa nguvu hadi ukaipindua ndoo ya Cheptanui, maji yakamwagika kote.

Mama yake alimtazama kutoka pale kitini, mkono bado uko kwenye ile mikwaruzo.

"Leo umefungua haraka," alisema.