Kura za Maporomoko ya Gathiru

Bedan ana bucha hapa Soko la Burma, nami Khawla nauza sharubati ya ukwaju mlangoni pake. Gazeti lilipowataka wasomaji wapige kura kwa simu kuchagua kivutio bora cha eneo la mlima, Bedan nusura aruke. Kwao ni huko mlimani, na mamake huuza chai kando ya maporomoko ya Gathiru. Tatizo ni kwamba wageni hawafiki. Mama alishasema mwaka huu anafunga kibanda, na tangu mzee wake afariki, kibanda hicho ndicho kinachomtoa nyumbani. Bedan aliogopa akikifunga atabaki ndani akilia.

Basi tukaanza kampeni. Ukipiga kura, unapewa kionjo, kipande cha mbavu kutoka jikoni moja kwa moja. Nzivo fundi viatu alikuja na laini tatu za simu, akala mara tatu, kisha akaazima ya mkewe.

"Niaje Khawla, hii Gathiru iko wapi kwanza?" aliniuliza.

"Wewe piga kura, wacha maswali!"

Gazeti lilitaka kila mtu aandike pia alichokipenda huko. Sisi hatukuangalia wanaandika nini. Loo! "Mbavu laini." "Ongezeni pilipili." Nzivo aliandika mara nne kwamba chumvi imezidi. Gazeti likafuta kura zetu zote, likidhani Gathiru ni hoteli inayojitangaza.

Nilitamani kummwagia Nzivo jagi zima la sharubati. Bedan alimpigia mamake simu, akaiweka spika.

"Mama, tumeanguka. Watu zaidi ya mia nne walikupigia kura, lakini zimefutwa."

Mama alicheka. "Mia nne! Na hakuna hata mmoja amewahi kuja kunywa chai?"

Hasira zikaniisha, nikaona haya. Nikampokonya Bedan simu.

"Mama, injika sufuria kubwa. Jumapili tunakuja, mimi na Nzivo na wote waliokula hiyo nyama."



"Karibuni sana, mwanangu," alisema. "Na Bedan pia atakuja? Ama bado ako na kazi mingi?"

Ilikuwa Ijumaa, na foleni ya wateja imefika nje. Bedan alivua aproni papo hapo, akaniuliza kama gari la mwisho la kwenda kwao limeshaondoka.